Kiatu cha Kushoto cha Sajini

Mama Soli hakuwa na mazoea ya kumtazama mtu usoni kwanza. Alianza na viatu. Miaka ishirini na saba aliketi kwenye kigoda kile kile chini ya ngazi za jengo la maduka, nyundo mkononi, misumari midogo ameibana kwa midomo, na kwa muda huo wote binadamu kwake walianzia kwenye kisigino na kuishia magotini. Kiatu kilimwambia kila kitu. Alijua karani gani anabeba mkoba bega moja na mwalimu gani anapanda ngazi kwa kuogopa. Siku moja alimpongeza mke wa fundi bomba kwa ujauzito kabla mwenyewe hajamwambia mumewe, eti kwa sababu visigino vimeanza kulika kwa nyuma. Nusura wapigane.

Viatu vyake mwenyewe tu ndivyo hakutaka kuvisoma. Kisigino cha kulia kililika upande wa nje, ncha ya kushoto ikachubuka, na yeye akabadilisha soli, akanyamaza. Nyonga ya kulia ilikuwa imeanza kumsumbua miaka mitano nyuma. Kwanza maumivu ya kinenani wakati wa kuinuka kigodani, kisha kuvaa soksi kukawa kazi ya robo saa, kisha akaanza kuyumba. Akikanyaga mguu wa kulia, bega linazama. Akikanyaga wa kushoto, linapanda. Daktari alishamwambia kwamba dawa yake ni kisu tu, na yeye alishajibu kwamba kisu ni cha ngozi ya ng'ombe, si cha ngozi yake. Hapo mazungumzo yakaishia.

Aliyemrudisha kwa daktari ni shemeji yake.

Huyo shemeji, mume wa mdogo wake, watu walimwita Sajini. Alistaafu jeshini akarudi nyumbani na vitu viwili, masharubu na mwendo. Mwendo wenyewe, kusema haki, ulikuwa wa kutazamwa: mabega sawa, kifua mbele, hatua moja haizidi nyingine hata kwa upana wa kidole. Kila mwaka alifundisha gwaride la watoto wa shule ya msingi kwa ajili ya mahafali, na kila mwaka viatu vyake vyeusi vya gwaride vilikuja kwa Mama Soli kuwekwa visigino vipya. Lakini mdomo wake haukuwa na breki. Mtu akiwa na kilema, Sajini lazima akione na lazima wengine nao wakione.

Siku hiyo mdogo wake alikuwa amealika watu mchana: wakwe, majirani, shangazi wawili. Mama Soli alitoka jikoni na bakuli la mchuzi mikononi, akavuka sebule kuelekea mezani. Akaona watu wanacheka. Naye akatabasamu, akidhani kuna kichekesho kimempita. Wakazidi kucheka. Akageuka. Sajini alikuwa nyuma yake, ameshika sahani tupu kama bakuli, anayumba kulia, anayumba kushoto, ulimi nje.

"Mizani hiyo inapita!" akasema Sajini. "Mizani, leo tunapima kilo ngapi?"

Shangazi mmoja alipaliwa kwa kicheko. Mdogo wake, aliyenyonya naye ziwa moja, alijifunika mdomo kwa kiganja, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Mama Soli aliweka bakuli mezani bila kumwaga hata tone. Akala, akamaliza, akashukuru, akaosha na vyombo. Ilipofika wiki iliyofuata, mtaa mzima ulikuwa unamwita Mizani, hadi wateja aliowashonea viatu vya ubatizo vya watoto wao. Alitabasamu kwa kila mmoja. Moyoni alikuwa na sentensi moja tu, ameikunja na kuiweka kama noti kwenye pindo la khanga: atanitambua.

Siku ya kazi iliyofuata, asubuhi na mapema, alikuwa mbele ya daktari.

Daktari alimwonyesha mfano wa plastiki wa mfupa wa paja, una kichwa cha mviringo kama mpira mdogo, na kikombe cha nyonga ambamo kichwa hicho huzunguka. Akaeleza kwamba katikati kuna gegedu laini linalozuia mfupa usisuguane na mfupa, na kwamba la kwake limeisha.

"Kwa hiyo soli imekwisha," akasema Mama Soli, "natembelea misumari."

"Hivyo hivyo, mama. Tutakikata kichwa cha mfupa kilichoharibika, tutaweka kikombe kipya, na kichwa kipya kwenye mhimili wa chuma unaoingia ndani ya mfupa wa paja."

"Nitatembea bila kuyumba?"

"Ukifanya mazoezi. Upasuaji ni kazi yangu, saa mbili hivi. Kutembea ni kazi yako, na yako ndiyo ndefu."

"Miezi mingapi?"

"Mitatu, kwa mtu mwenye bidii."

Akahesabu kwa vidole chini ya meza. Mahafali ya shule yalikuwa baada ya miezi minne. "Niandike," akasema.

Walimchoma ganzi ya mgongo, kuanzia kiunoni kushuka miguu ikawa ya mtu mwingine. Wakatundika pazia mbele ya kifua chake. Hakuona kitu, ila masikio hayakuchomwa ganzi. Alisikia msumeno. Akasikia tupa ikikwangua, kisha nyundo, ko, ko, ko, na mwili wake wote ukawa unasogea mezani kwa kila pigo. Mtu mwingine angezimia. Mama Soli alisikiliza kama anavyosikiliza fundi mgeni aliyefungua kibanda jirani. Pigo la nne lilikuwa na mlio tofauti, mzito, mlio wa kitu kilichokaa mahali pake.

"Hapo hapo," akasema kutoka nyuma ya pazia. "Usiongeze."

Daktari akacheka kwa sauti na kusema kwamba kweli alikuwa ameshamaliza.

Kesho yake asubuhi akaletwa mwanadada wa mazoezi ya viungo, mwembamba, mpole wa sauti na mkatili wa vitendo. Alimsimamisha kwenye fremu ya kutembelea wakati mama wa watu bado anatafuta mguu wake uko wapi. Akampa na amri zake: usikunje nyonga kupita pembe ya mraba, usipandishe mguu juu ya mwingine, usigeuze kidole gumba kuelekea ndani, usiinamie kitu kilichoanguka, kiache hata kikikulilia, ukilala, mto katikati ya magoti, kiti kiwe kirefu, choo kiinuliwe. "Ukivunja amri hizi mapema, kichwa kitachomoka kwenye kikombe, na utaimba."

"Na kigoda changu?"

"Kigoda gani?"

Mama Soli akamwonyesha urefu wake kwa mkono. Mwanadada akatikisa kichwa. "Kipe mtu usiyempenda."

Sajini alikuja kumwona hospitali siku ya tatu, na machungwa. Lazima tumpe haki yake, machungwa yalikuwa mazuri. Alimkuta Mama Soli anaburuta fremu kwenye korido, kijasho kinamtoka, gauni la hospitali limefungwa vibaya mgongoni.

"Aa, Mizani imewekewa matairi!" akasema Sajini. Wagonjwa wa vitanda vya karibu na mlango wakacheka, nao hata hawamjui.

Toka siku hiyo mazoezi yakapata jina. Kukaza paja, kuinua nyonga kitandani, kupeleka mguu pembeni, kusimama mguu mmoja ameshika sinki: Mama Soli alihesabu kwa kunong'ona, moja ya Sajini, mbili ya Sajini, tatu ya Sajini. Alijidunga mwenyewe sindano za tumboni za kuzuia damu isigande, na kila sindano aliichoma akiwa na mtu fulani kichwani. Alipofika nyumbani alitembea korido ya nyumba yake mara arobaini kwa siku.

"Huyu Sajini ni mume wako?" mwanadada aliuliza siku moja.

"Ni dawa yangu."

"Basi uendelee kumeza. Sijawahi kuona nyonga inapona hivi."

Kulikuwa na siku mbaya, tusidanganyane. Wiki ya tano mguu wa kulia ulionekana kwake mrefu kuliko wa kushoto, akalia akidhani wamemharibia. Mwanadada akampima kwa utepe, akamkuta sawa. Kisha akamwekea ubao mwembamba chini ya unyayo mmoja, unene wa nusu sentimita tu, akamwambia atembee. Nyonga ikapinda, bega likazama, yule Mizani akarudi. Akauondoa ubao, Mizani akatoweka.

"Umeona? Kitu kidogo kama hicho. Misuli yako imezoea kuyumba miaka mitano, sasa iambie yaliyopita yamepita." Akampa fimbo. "Shika kushoto."

"Mguu mbovu ni wa kulia."

"Ndiyo maana unashika kushoto. Fimbo hukaa upande mzima, inapiga chini pamoja na mguu mgonjwa, inaubebea mzigo. Kila mtu anakosea hapo. Ukishika upande wa ugonjwa unajiegemezea ugonjwa."

Mwezi wa tatu Mama Soli akafungua tena kibanda chini ya ngazi. Kigoda hakikuwapo. Alikuwa na meza ya kimo cha kiuno na kiti kirefu cha mbao, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba wateja wakamfikia sawa na macho. Iliwasumbua kidogo. Walizoea kumsemesha utosi.

Siku nane kabla ya mahafali Sajini akaleta viatu vyeusi.

"Visigino tu, shemeji," akasema, akikagua kiti na meza. "Ndani usiguse. Ndani ni pazuri."

Miaka kumi na mitano amekuwa akileta viatu hivyo, na hajawahi kusema habari za ndani. Alipokunja kona tu, Mama Soli akakichukua kiatu cha kushoto na kukigeuza. Kisigino kimelika upande wa nje. Akachukua cha kulia: ncha imechubuka. Aliyajua maandishi hayo. Ndiyo yale aliyokataa kuyasoma kwenye viatu vyake mwenyewe, ila yamehamia mguu wa pili.

Akaingiza kisu taratibu chini ya kitambaa cha ndani cha kiatu cha kushoto. Chini yake kulikuwa na vipande vitatu vya boksi la biskuti, vimekatwa kwa umbo la kisigino, vimebandikwa kimoja juu ya kingine. Nusu sentimita, labda na nywele moja zaidi. Kingo zake zilikuwa na meno meno, ya mkasi ambao mafundi cherehani hukatia kitambaa kisifumuke. Mdogo wake alikuwa fundi cherehani.

Basi walijua wote wawili. Nyonga hailiki kwa miezi minne; siku ya bakuli la mchuzi walikuwa wanajua. Mtu mwenye nyonga mbovu amesimama sebuleni, anawachekesha watu kwa nyonga mbovu ya mwenzake ili ya kwake isitazamwe, na mkewe aliyemkatia boksi anacheka kiganjani.

Mama Soli alikiweka kiatu mapajani. Alikuwa amepanga kukata kisigino kimoja kidogo, amtie kasoro ya kutengeneza. Sasa hakuna haja ya kutengeneza kitu. Akang'oa boksi zote tatu, akasafisha gundi, akabandika kitambaa kipya, laini. Akapiga visigino, akapaka dawa hadi viatu vikang'aa. Vipande vya boksi akavitia mfuko wa aproni. Sajini alipopita kuulizia, aliambiwa kesho. Kesho akaambiwa gundi haijakauka.

Alivichukua asubuhi ya mahafali yenyewe, amevaa sare tayari, ngoma za watoto zinasikika kutoka shuleni upande wa pili wa barabara. Kibandani kulikuwa na wateja wanne, mmoja wao yule shangazi wa kupaliwa. Sajini akavaa, akafunga kamba, akasimama. Akapiga hatua moja. Uso wake ukabadilika rangi.

"Shemeji," akasema polepole, "umegusa ndani?"

"Kulikuwa na uchafu, nimetoa." Mama Soli alimtazama usoni, kutoka kwenye kiti kirefu. "Kwani ulikuwa na kazi nao?"

Sajini akawatazama wale wateja. Wote wanne walikuwa wakisubiri, kama watu wanavyosubiri wakiona mzaha unakuja.

"Hapana," akasema. "Hakuna kazi."

Akaenda zake. Mama Soli akavua aproni, akahamishia vile vipande kwenye mkoba, akachukua fimbo. Hakuihitaji tena, lakini mwanadada alimwambia aendelee nayo penye msongamano ili watu wampishe. Akafunga kibanda na kumfuata.

Uwanja ulijaa wazazi. Sajini alisimama mbele, nyuma yake watoto arobaini wa darasa la chini kabisa, soksi nyeupe, vifua vimebinuliwa. Alikuwa amewafundisha kwa njia moja tu, miezi miwili: macho kwenye viatu vyangu, nikipanda mpande, nikishuka mshuke. "Mguu sawa!" akapaza sauti. "Mbele, tembea!"

Hatua kumi alijikaza kisabuni. Ya kumi na moja bega la kushoto likazama. Akalirudisha, likazama tena. Na nyuma yake, kwa utiifu mkubwa, mabega arobaini madogo yakazama, yakapanda, yakazama. Watoto wa watu hawakuwa na mzaha hata kidogo. Walikuwa wanafuata viatu.

Kwanza wazazi walishangaa. Kisha mmoja akapasuka, na uwanja mzima ukamfuata. Watu walishikana mabega. Sauti ya kike, ya yule shangazi, ikapaa juu ya zote: "Mizani! Mizani na watoto wake!"

Mama Soli alifurahi. Tusimpake mafuta, alifurahi hadi vidole vya miguu. Miezi minne alikuwa amekisubiri kicheko hicho, na sasa kinamwagwa mahali pake, ndoo kwa ndoo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na alipokuwa anayafuta akamwona mdogo wake kwenye benchi la mbele. Kiganja kilikuwa mdomoni, kama siku ile, na mabega yalikuwa yanatikisika, kama siku ile. Lakini hakuwa anacheka.

Kicheko cha Mama Soli kikakatika. Alijaribu kukiwasha tena, kikagoma. Hilo nalo likamuudhi.

Gwaride likafika mwisho, Sajini akajitupa kwenye kiti cha plastiki cha wageni, kile kifupi kinachomeza makalio. Mwalimu mkuu akasimama na karatasi ya shukrani, akamwita aje aipokee. Sajini akasukuma mikono ya kiti. Hakuinuka. Akasukuma tena, uso umekunjamana kwa maumivu, akarudi kitini. Watu wakaanza upya, chini chini.

Mama Soli akaondoka alipokuwa amesimama na kuukata uwanja katikati. Fimbo alikuwa ameibeba mkononi bila kuigusisha ardhi. Hatua, hatua, hatua. Mabega yalikuwa mstari mmoja. Vicheko vikapungua, kisha vikaisha, na watu waliomwita Mizani miezi minne wakawa wanatazama miguu yake wakitafuta wapi inapoyumba. Hawakupaona. Akapiga hatua ya mwisho bila haraka, akasimama mbele ya shemeji yake, kivuli chake kikamfunika.

"Umenimaliza," akasema Sajini kwa sauti ya chini.

"Bado." Akafungua mkoba na kumwekea vile vipande vitatu vya boksi kiganjani. "Mali yako hiyo. Inaanza kinenani, sivyo? Halafu soksi?"

Sajini akainamisha kichwa. Akaitikia kwa kope tu.

"Sogea ukingoni mwa kiti. Mguu mbovu utangulie mbele. Sukuma kwa mikono, usiiname." Akamwongoza kama alivyoongozwa, akamnyooshea fimbo. Sajini akainuka, akaidaka kwa mkono wa kushoto, upande ule ule wa nyonga mbovu, akaanza kwenda kwa mwalimu mkuu.

Alitembea vibaya kuliko bila fimbo. Mama Soli aliliona tangu hatua ya kwanza, na aliamua kunyamaza. Aende hivyo hivyo. Aende nayo mwaka mzima, imlemaze. Hatua ya pili akaikazia meno. Hatua ya tatu, ya nne. Lakini miaka ishirini na saba hakuwahi kuiachia kazi mbovu itoke mbele ya macho yake, hata ya adui, na ya tano ikamshinda.

"Sajini!" Sauti ilipiga ukuta wa madarasa ikarudi. "Simama! Badili mkono! Fimbo kulia!"

Visigino vikagongana. Fimbo ikahama kushoto kwenda kulia kabla mwenyewe hajageuza kichwa kuona nani anayeamuru.

"Jumatatu, saa mbili asubuhi, nje ya chumba cha mazoezi hospitalini. Nitakuwa pale. Usichelewe."

"Ndiyo, afande!" akaitikia Sajini, mbele ya watu wote, na nyuma yake watoto arobaini wakaitikia naye.